Kufuli Namba Tisa

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za dhati, wewe na watoto wote watatu. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na ule mguu uliokuwa unavimba jioni umepata nafuu. Mimi mwilini sijambo. Nakula, nalala kiasi, na kile kikohozi cha vumbi kimeniacha tangu nilipotoka kiwandani. Kama habari ingekuwa ya afya tu, ningeishia hapa nikakuaga.

Najua umeshangaa. Siku hizi nani anaandika barua na simu iko mkononi? Nimekupigia mara mbili wiki hii, utakumbuka. Mara ya kwanza nikakuuliza kama mvua imeanza huko kwenu. Mara ya pili nikakuuliza tena kama mvua imeanza, ukacheka, ukasema nimegeuka mtabiri wa hali ya hewa. Nilikuwa na neno kooni na halikutoka. Mimi uliyeniita Kasuku tangu utotoni, niliyekuwa nasimamishwa nje ya darasa kwa kupiga domo, nimekosa ulimi. Basi nimefunga mlango, nimekaa mezani, naandika. Tafadhali isome ukiwa peke yako, na usiiache njiani.

Nianze na habari njema, kwa kuwa ipo. Nimefaulu ule mtihani. Cheti ninacho hapa pembeni, kina muhuri na jina langu halijakosewa hata herufi moja, jambo ambalo unajua halijawahi kutokea kwenye cheti changu chochote. Sasa mimi ni mkufunzi kamili wa afya na usalama mahali pa kazi. Naruhusiwa kuingia kiwandani, hotelini, hospitalini, nikawafundisha watu namna ya kufanya kazi na kurudi nyumbani wakiwa na vidole vyao vyote kumi. Tulianza kumi na mmoja, tumefaulu tisa. Mmoja wa walioanguka ni mpishi wa hoteli, mtu mzuri sana, lakini kila alipofundisha kuhusu moto wa jikoni aliishia kueleza mapishi, na sisi wote tukaishia kuona njaa.

Tulisoma kila Jumamosi kutwa nzima, wiki kumi na mbili, kwenye chumba kilicho juu ya duka la rangi. Ngazi ya kupandia haina pa kushika. Siku ya kwanza mkufunzi wetu alitusimamisha chini ya ngazi hiyo na kutuambia tuandike hatari zote tunazoziona kabla hatujapanda, nasi tukajaza ukurasa mzima, kisha tukapanda hivyo hivyo. Ni mama mfupi, mkavu wa maneno, aliyekuwa muuguzi wa wodi ya majeruhi. Alituambia aliacha uuguzi kwa kuchoka kushona watu ambao mtu mwingine angeweza kuwazuia wasichanike. Nilimpenda na kumwogopa kwa pamoja.

Uliponiuliza kwa nini nasomea mambo haya, nilikujibu kwamba nataka kuondoka kwenye vumbi. Mama yeye amewaambia majirani kuwa nafanya hivi kwa ajili ya shemeji, marehemu mume wako, na kila nikienda kwake wananishika mkono na kunipa pole na hongera kwa mpigo mmoja. Wewe peke yako hukunisifu. Ulisema hata ningemfundisha yeye asingesikia, maana alikuwa na kichwa kigumu. Ulisema huku unakunja nguo, hukuinua hata uso. Neno lile nimelibeba mpaka leo.

Nivumilie sasa nikirudia mambo unayoyajua. Nataka niyapange moja baada ya jingine, nisijipe nafasi ya kukwepa.

Shemeji ndiye aliyeniingiza kiwandani. Ulimsumbua wewe mpaka akapiga moyo konde, akaenda kwa msimamizi wa uzalishaji na kumwambia ana shemeji yake mwenye mwandiko mzuri. Nikapewa meza stoo, nikawa karani wa kugawa glavu na barakoa na kutunza fomu zote za wafanyakazi. Yeye alikuwa kwenye mashine ya kuchanganyia, ile kubwa inayochanganya pumba, mahindi na molasi kuwa chakula cha kuku. Wenzake walimwita Injinia ingawa hakusomea chochote, kwa sababu aliisikiliza mashine kwa sikio na kujua bolti ipi imelegea. Kila asubuhi alipita dirishani kwangu, akaniita Bosi, na kuomba barakoa ambayo haijavaliwa na mbuzi. Nami kila asubuhi nilimjibu kwamba mbuzi wote wamekataa kuvaa baada yake.

Molasi ikiganda kwenye mapanga ya mashine ile, lazima mtu aingie kwa mfuniko wa juu na kuikwangua. Kabla ya kuingia anazima swichi kubwa iliyoko ukutani na kuipiga kufuli, asije mtu akaiwasha yeye akiwa ndani. Kiwanda kizima kilikuwa na kufuli moja kwa kazi hiyo, na ufunguo wake ulining'inia kwenye msumari pembeni ya swichi. Hapo zamani aliyeingia ndani alikaa nao mfukoni. Lakini kuna siku mtu alijisahau akaenda nao nyumbani, zamu nzima ikakaa saa mbili ikipiga soga, na tangu hapo msimamizi akaamuru ufunguo usiondoke msumarini. Wote walifanya hivyo kila siku, na shemeji naye alifanya hivyo.

Siku ile alizima, akafunga, akatundika ufunguo, akaingia. Ikafika saa ya kubadilishana zamu. Mwenzake wa mchana akaja, akaliona kufuli, akadhani wa asubuhi wamelisahau kama ilivyokuwa kawaida yao. Akauchukua ufunguo msumarini, akafungua, akawasha. Sitaandika zaidi ya hapo.

Siku ya pili ya msiba meneja alikuja nyumbani na faili kwapani. Alitoa pole zake kwa sauti ya chini, kisha akasema mbele ya watu wote kwamba kampuni ina majonzi, ila ukweli hauna budi kusemwa. Alisema marehemu alifundishwa pamoja na wenzake kwamba anayeingia ndani ya mashine atumie kufuli lake mwenyewe na ufunguo akae nao mfukoni, akasaini kwamba ameelewa, halafu akafanya alivyotaka yeye. Akatoa fomu aliyoikunja nusu, akakuonesha mstari wenye jina lake. Uliitazama kwa muda mrefu. Ukasema ndiyo, hiyo ni saini yake. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako, nimembeba kitinda mimba wako aliyekuwa na miezi minne.

Tangu hapo machozi yako yalikatika. Ulimlilia siku mbili, ukamkasirikia miaka mitatu. Nguo zake uligawa zote wiki ile ile, hata koti lililokuwa jipya. Kaburini hujarudi tangu tulipomzika. Mwanao mkubwa akiruka ngazi mbili mbili unamwambia atakufa kwa ujeuri kama baba yake, na mtoto hanyanyui macho. Uliwahi kuniambia kwamba kufiwa unaweza kukumudu, lakini huwezi kumsamehe mtu aliyeoneshwa njia ya kurudi nyumbani kwako akaidharau. Nilikuwa sebuleni kwako nakunywa chai yako. Nikajitia hamnazo, nikaomba sukari.

Sasa nikueleze kilichotokea kwenye mtihani.

Mtihani wa mwisho ni kufundisha. Kila mmoja anapewa dakika ishirini na tano, wenzake wanajifanya wafanyakazi, mkufunzi anakaa nyuma na karatasi ya alama. Mada hugawa yeye kulingana na kazi aliyotoka mtu. Kwa kuwa nilitoka kwenye kiwanda chenye mashine, alinipa somo la kufunga mashine kabla ya kuisafisha. Nilitaka kumwomba anibadilishie, nikaona haya.

Nilifundisha vizuri, dada, nasema bila kutia chumvi. Niliwapa kila mmoja kufuli lake, nikawaonesha namna ya kulipachika, nikawaambia ufunguo ni wa mfukoni mwako na si wa msumarini. Mwishoni inatakiwa uzungushe fomu ya mahudhurio wote wasaini. Nikaizungusha. Fundi umeme mmoja alikuwa ametoka nje tangu mwanzo wa somo kupokea simu ya mkewe. Fomu ilipomfikia mlinzi wa benki aliyekaa jirani na kiti chake, yule mlinzi akasaini jina lake, kisha kwa wema tu akamsainia na fundi umeme, akaipitisha mbele. Hakuna aliyejali. Ni jambo dogo ambalo watu wanafanyiana kila siku.

Sijui nilivyofika pale. Nilimpokonya aliyekuwa ameipokea ile fomu nikaichana vipande. Nilisema, kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo, kwamba mtu asiyekuwemo chumbani hajafundishwa, na anayemsainia anamwingiza ndani ya mashine na kumfunikia mfuniko. Kisha nikalia mbele yao wote, kilio cha kwikwi, nimeushikilia ubao. Fundi umeme akarudi na simu yake mkononi, akakuta darasa limekufa ganzi, akauliza kwa hofu kama kuna mtu amefiwa.

Mkufunzi alinipa alama za juu kuliko wote. Aliandika chini ya karatasi yangu kwamba nina kipaji cha kuwagusa wanaonisikiliza. Wenzangu wakasimama wakanipigia makofi, na yule mlinzi akaniomba radhi kama vile amenikosea mimi. Nilitoka nje kabla makofi hayajaisha.

Dada, vuta pumzi. Ile fomu aliyokuonesha meneja, ile saini uliyosema ni ya mume wako, niliiandika mimi.

Mafunzo yale hayakufanyika. Yalipangwa kweli, mtu wa kufundisha angetoka nje, na makufuli mapya kumi na mawili yalikuwa yameshaletwa, kila moja lina namba na kibandiko cha jina la mtu, ili yagawiwe siku hiyo hiyo. Ikaingia oda kubwa. Msimamizi akasema mashine haziwezi kusimama nusu siku kwa ajili ya maneno, mafunzo yatakuwa mwezi unaofuata. Lakini wakaguzi wangekuja kabla ya hapo. Kwa hiyo akaniambia nizungushe fomu watu wasaini kabisa, mafunzo yatakuja kuifuata fomu. Nikaizungusha. Walisaini huku wanacheka, wengine bila hata kuuliza ni ya nini. Shemeji hakuwepo, alikuwa na ruhusa ya siku tatu, na msimamizi aliitaka fomu kabla hajaondoka jioni ile. Sikuona neno. Fomu zake zote zilikuwa zinapita mikononi mwangu, saini yake naijua kama yangu, ile ndoano ndogo halafu mstari mrefu. Niliiandika, nikaitazama, nikajipongeza kwa namna ilivyofanana.

Aliporudi nilimtania kwamba amehudhuria mafunzo bila kutia mguu kiwandani. Alicheka sana. Akaniuliza, sasa Bosi, nilifundishwa nini? Nikamwambia sijui, hata mimi sikuwepo. Tukacheka wote wawili mpaka msimamizi akatoa kichwa mlangoni kutuuliza kuna nini. Hiyo ndiyo elimu yote aliyoipata mume wako kuhusu mashine iliyomuua.

Mwezi uliofuata ulipita bila mafunzo, na iliyofuata pia. Makufuli yalibaki kabatini kwangu, kwa kuwa amri ilikuwa yasigawiwe kabla ya mafunzo. La kwake lilikuwa namba tisa. Siku aliyokufa lilikuwa ndani ya sanduku lake, halijafunguliwa hata nailoni, hatua kama thelathini kutoka alipokuwa. Ningeweza kumpa asubuhi yoyote kati ya asubuhi zile alizopita dirishani. Haikunijia hata kidogo. Kwangu yalikuwa ni vifaa vya stoo, vimeandikwa kwenye daftari, basi.

Na kuna hili ambalo nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo linalonichoma zaidi. Meneja aliikunja fomu ile sehemu ya juu. Kama alikusudia au la, sijui. Juu ndiko ilikokuwa tarehe. Ni tarehe aliyozaliwa kitinda mimba wako. Siku ambayo karatasi inasema shemeji alikaa darasani akafundishwa na kuelewa, alikuwa kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi, amekushikia mkoba na kandambili zako, tangu alfajiri mpaka mtoto alipolia saa tisa. Wewe unajua kuliko mtu yeyote alikuwa wapi. Ungeiona tarehe ile ungemjibu meneja palepale, mbele ya watu. Mimi niliijua, nilikuwa nyuma yako na mtoto mwenyewe mikononi, na nikanyamaza.

Utaniuliza kwa nini. Mwanzoni niliogopa kumwaga unga. Msimamizi alinivuta pembeni akaniambia nikifungua mdomo tutaondoka wote wawili, na mkono ulioandika ni wangu, si wake. Baadaye alihamishwa, nami ningeweza kusema. Lakini kufikia hapo nilikuwa nakuogopa wewe. Kila mwezi niliokaa kimya uliufanya mwezi uliofuata kuwa mgumu zaidi. Kisha nikajidanganya kwamba nikiwa mkufunzi, nikawaokoa watu wawili watatu huko viwandani, lile langu litafutika. Halikufutika. Nilipopigiwa makofi ndipo nilipoelewa kwamba nimempanda shemeji mgongoni mara ya pili, kwanza kulinda kazi yangu, sasa kupata cheti.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya kazi. Afisa aliyenipokea ni mwanamke wa rika lako. Nilimpa nakala ya fomu ile, na fomu ya ruhusa ya shemeji yenye tarehe hiyo hiyo. Nilikuwa nimezitunza zote mbili miaka yote hii chini ya godoro, wala sikujua nazitunzia nini. Nikaandika maelezo yangu kurasa nne. Aliniuliza kama kuna mtu alinilazimisha. Nilimwambia niliamriwa kuzungusha fomu, ila kumwandikia shemeji saini yake hakuna aliyenituma. Alisema jalada litafunguliwa upya, nawe utaitwa kueleza ulikuwa wapi na mume wako siku ile. Alisema pia kwamba cheti changu huenda kikafutwa, na huenda yakaja makubwa kuliko hayo. Kuna hospitali ilikuwa imeshanipa kazi ya kuwafundisha watu wa kufulia nguo, nianze mwezi ujao. Nimewaandikia kuwa siji.

Jioni yake nilikwenda kumweleza mkufunzi wetu. Nilidhani atanifukuza. Alinisikiliza, akavua miwani, akaniuliza swali moja tu, kama dada yangu ameshajua. Nilipomwambia bado, alisema basi nimeanzia mahali pasipo pake. Ndiyo sababu naandika leo, kabla ofisi ya kazi haijakutumia mtu.

Sikuombi unisamehe, dada. Ombi kama hilo nitalileta kwa miguu yangu siku ukiniruhusu kuvuka kizingiti chako, na usiponiruhusu nitajua nimekula nilichokipika. Ninachokuomba ni kwa ajili yake. Hakuwa mjeuri. Hakudharau njia ya kurudi kwako, maana hakuna aliyewahi kumwonesha. Alifunga mashine kama alivyofunga kila mtu kiwandani pale, akaingia kufanya kazi akijua atatoka. Waambie watoto hivyo, hasa yule mkubwa. Miaka mitatu umekuwa ukimgombeza mtu asiyeweza kujibu. Nigombeze mimi, ninayeweza.

Mama usimwambie bado, nitakwenda mwenyewe Jumapili. Uwasalimie watoto wote watatu, kila mmoja kwa jina lake. Na ukienda kumwona shemeji, maana naamini sasa utakwenda, mchukue kitinda mimba umwoneshe. Mwambie mtoto kwamba siku ile aliyozaliwa yeye, baba yake hakuwa mahali pengine popote. Mimi nitakwenda baada yenu, si kabla.

Nakutakia afya na nguvu ya kuimaliza siku hii.

Ni mimi, mdogo wako.